Uhai Upande Mmoja wa Jiwe

Wiki ya mtihani hakuna aliyeruhusiwa kunukia. Ilikuwa sheria ya maabara, na Mama Pacha, mkuu wa maabara hiyo, aliisimamia bila tabasamu. Marashi yalipigwa marufuku, na losheni, na mafuta ya nywele, na peremende. Sabuni ilikuwa ya aina moja, ya mche, isiyo na harufu wala povu la kuridhisha. Aliyekula kitunguu mchana alipelekwa kupiga mswaki kama mtoto.

Sababu ya yote hayo ilikaa mezani katikati ya chumba safi: kifaa chenye ukubwa wa kasha la viatu, ambacho kwenye karatasi kilikuwa na jina refu na kwa watu waliokiunda kilikuwa na jina moja tu, Pua.

Kazi ya Pua ni kunusa mawe. Kisindano kinakwangua vumbi kidogo juu ya jiwe, vumbi linaingia kwenye tanuri dogo kuliko kidole gumba, linachomwa, na mvuke wake unapitishwa kwenye mirija myembamba inayotenganisha molekuli moja na nyingine. Pua inatafuta amino asidi, zile molekuli ambazo viumbe hai hutumia kujenga miili yao. Karibu zote huja kwa sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto: zinafanana kwa kila kitu, lakini huwezi kuvaa glavu ya moja kwenye nyingine. Zikitokana na joto au miale ya jua, huwa nusu kwa nusu. Zikitengenezwa na kiumbe hai, huwa za mkono mmoja, na hapa duniani mkono huo ni wa kushoto. Jiwe la sayari ya Mirihi likikutwa na molekuli za mkono mmoja tu, litakuwa na habari ya kusimulia.

Kwenye chombo cha angani kilichokuwa kikiandaliwa kwenda Mirihi ilibaki nafasi moja. Timu mbili ziliitaka. Ile nyingine ilikuwa na kifaa cha kupima mitetemo ya ardhi, kifaa kizuri, kisichotafuta uhai na kwa hiyo kisichoweza kumtia mtu aibu. Pua ikishindwa mtihani, nafasi ingekwenda huko. Mama Pacha alianza kuichora Pua kabla hajajifungua pacha wake, na sasa pacha hao walikuwa wakivaa viatu vyake bila kuomba.

Nyumbani sheria ya harufu ilikuwa na wapinzani. Mume wake alikuwa kinyozi, na kinyozi hurudi nyumbani na harufu ya kila kichwa alichokishika. Wiki ile alihamishiwa kwenye kochi.

"Mke wangu anatafuta uhai Mirihi," alimwambia mama mkwe wake wakati wa chai ya asubuhi, "na mimi niliye hai hapa sebuleni hanioni."

"Nyamaza, Baba Pacha. Wewe angalau umepewa kochi," alijibu mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao. "Mimi nimenyang'anywa mafuta yangu. Tazama magoti haya. Utadhani nimepiga magoti kwenye gunia la unga."

"Ni wiki hii tu, mama," alisema Mama Pacha.

"Na hao wadudu wako wa huko juu, ukiwapata utawafanya nini? Maana hapa jikoni tunao, tena hawa hawadai roketi."

"Wa jikoni tunawajua. Ni ndugu zetu. Kila kilicho hai duniani ni ukoo mmoja, mama: mende, mgomba na wewe."

"Ukoo wa mende ni wa baba yako. Mimi usinitie."

Mama Pacha alicheka, akachukua mkoba wake. Alichosema hakikuwa mzaha. Uhai wote unaojulikana umetoka kwenye shina moja, na mwenye mfano mmoja hawezi kusema kama mfano huo ni kawaida au ni ajabu. Hata mtu aliyeona tembo mmoja hajui kama tembo wote wana mkonga. Mfano wa pili, hata ungekuwa bakteria mmoja aliyekufa zamani kwenye tope la Mirihi, ungejibu swali hilo. Ndiyo maana alivumilia sabuni ya mche.

Mkaguzi aliyetumwa kusimamia mtihani alikuwa mtaalamu wa miamba, mzee mwembamba mwenye suti iliyonyooshwa vizuri na nyundo ndogo ya kupasulia mawe ndani ya mkoba, aliyoibeba kama watu wengine wanavyobeba mwavuli. Alisifika kwa kutobembelezeka. Fundi wa mitambo, ambaye aliikunja mirija ya Pua kwa mikono yake na ambaye hajawahi kumpokea mgeni bila kumpa jina, alimwita Mzee Nyundo, ila si mbele yake.

Mzee huyo alileta chupa kumi za kioo zilizotiwa lakiri, kila moja na jiwe lake ndani. Baadhi ya mawe yalikuwa na bakteria. Baadhi yalinyunyiziwa amino asidi za kiwandani, za mikono yote miwili, ili kuihadaa Pua. Mengine aliyaoka mwenyewe kwenye tanuri la maabara yake mpaka kila kilichokuwa hai kikafa na mabaki yake yakaungua. Lipi ni lipi, alijua yeye peke yake.

"Niseme jambo moja kabla hatujaanza," alisema, akisimama wima kama shahidi. "Kifaa kikishindwa kuona uhai uliopo, nitaandika kwamba macho yake ni hafifu, na tutazungumza. Kikiona uhai usiokuwepo, hatutazungumza. Siwezi kupeleka mwongo Mirihi."

"Hata mimi siwezi, mzee," alisema Mama Pacha, na alimaanisha.

Chupa zilifunguliwa moja moja ndani ya kasha la kioo, kwa mkono wa chuma, bila mtu kugusa kitu. Msaidizi wa maabara, binti ambaye wote walimwita Bibi Harusi kwa sababu harusi yake ilikuwa Jumamosi hiyo, alikaa kwenye skrini na kusoma majibu kwa sauti. Limekufa. Hai. Kemikali tu. Hai. Mkaguzi alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jibu, na kufikia jiwe la sita Fundi alishaanza kupiga mluzi.

Jiwe la saba, mstari wa kushoto kwenye grafu ulipanda kama mnara. Wa kulia ulibaki chini, umelala.

"Hai!" alisema Bibi Harusi. "Hai kabisa, tena kuliko yote."

Mkaguzi alivua miwani yake.

"Namba saba imeokwa," alisema.

Fundi aliacha mluzi katikati.

"Labda tanuri, mzee—"

"Haina labda. Nimeioka mwenyewe, nimeifunga mwenyewe, nimetia lakiri mwenyewe." Alirudisha miwani usoni. Hakuonekana kufurahi wala kuhuzunika. "Tutamaliza matatu yaliyobaki, kwa sababu ni utaratibu. Kisha kanuni inawapa hadi kesho jioni kueleza. Nasema maelezo. Udhuru sipokei."

Matatu yaliyobaki yalijibiwa sawa. Haikusaidia kitu. Mkaguzi alishukuru kwa chai, akachukua nyundo yake, akaenda alikofikia.

Mlango ulipofungwa, Fundi alimgeukia Bibi Harusi.

"Sogea hapa."

"Nisogee nini?"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Sogea nikunuse."

"Kaanze kujinusa wewe, unayeficha karanga kwenye droo!"

"Karanga haina marashi. Mimi siolewi Jumamosi."

Bibi Harusi alijitetea, kisha akainama. Jumapili alikuwa amejaribu marashi ya harusi. Tone moja. Nyuma ya sikio. Ameoga mara nyingi tangu siku hiyo, na alikuwa karibu kulia.

"Usilie," alisema Mama Pacha. "Marashi hayana amino asidi. Pua ingeyaona mahali pengine kwenye grafu." Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshashika simu. Mume wake alipokea, na nyuma yake ilisikika mashine ya kunyolea.

"Baba Pacha, tangu Jumatatu umenigusa?"

"Kwa ruhusa ya nani?" alisema kinyozi, na wateja wake wakacheka. Mama Pacha alikuwa ameisahau simu kwenye spika, kwa hiyo Fundi naye alicheka.

Alikata simu. Alivuta kiti, akakaa, akaweka viganja vyake juu ya meza.

"Tunanusana kama mbwa wa polisi," alisema, "na kifaa cha kunusia kipo pale. Tukiulize chenyewe."

Walianza na swali dogo kabisa: Pua ikipewa hewa tupu, itasema nini? Haikusema kitu. Wakaipa jiwe lao wenyewe, lililookwa kwenye tanuri lao. Mistari yote miwili ililala. Kwa hiyo Pua haikuwa chafu, na haikuwa na mazoea ya kuzusha. Kilichobaki ni jiwe la saba lenyewe. Mama Pacha aliamuru ligeuzwe, wakalikwangua upande wa pili. Halikuwa na uhai. Upande wa tatu, hakuna. Wakalirudisha kama lilivyokuwa mwanzo: mnara.

"Jiwe gani hili," alisema Fundi, "hai upande mmoja kama chapati iliyosahauliwa kugeuzwa?"

Walilipima kidogo kidogo, alama kwa alama, mpaka kwenye skrini ikatokea ramani. Uhai wote ulikuwa kwenye doa moja lenye ukubwa wa ncha ya kijiko. Katikati doa lilikuwa kali, na pembeni lilififia polepole, kama alama ya maji kwenye karatasi.

Mama Pacha aliitazama ramani hiyo kwa muda. Tanuri lingekuwa limeshindwa kazi, jiwe lote lingekuwa hai. Hewa chafu ingekuwa imeingia kwenye chupa, pande zote zingekuwa na kitu.

"Kidole," alisema Bibi Harusi.

"Kidole kinaacha mafuta ya ngozi. Hapa hakuna mafuta. Kuna protini nyingi na chumvi kidogo." Aligusa skrini kwenye ukingo uliofifia. "Halikushikwa. Lililowana."

"Basi limebusiwa," alisema Fundi.

Walicheka wote wawili, Fundi na Bibi Harusi. Mama Pacha hakucheka. Mkono wa chuma haubusu mtu. Tangu lakiri ikatwe hapakuwa na kinywa kilicholikaribia jiwe hilo, na kamera za chumba safi, ambazo kisheria hazizimwi, zilithibitisha. Kilicholowesha jiwe kililowesha kabla chupa haijafungwa. Na aliyefunga chupa ni mmoja.

Tatizo ni kwamba kila timu iliyowahi kushindwa mtihani imewahi kusema kosa ni la mkaguzi. Hilo lisingekuwa maelezo. Lingekuwa udhuru ule ule, umevaa koti.

Asubuhi iliyofuata alitoka kwenda kumtafuta mzee huyo, bila kujua bado atamwambia nini. Hakuhitaji kwenda mbali. Uani, mbele ya jengo, waashi walikuwa wakijenga ukuta, na lori lilikuwa limemwaga lundo la kokoto kando ya geti. Mkaguzi alikuwa amechuchumaa mbele ya lundo hilo na suti yake. Aliokota kokoto, akaipasua kwa nyundo, akaigeuza kwenye jua, akaipuliza vumbi. Kisha akatoa ulimi na kuigusa. Akasubiri kidogo, amefumba macho, kama mpishi anayepima chumvi. Akaitupa, akaokota nyingine.

Waashi walikuwa wameegemea sepetu zao.

"Mzee wangu," alisema mmoja wao, fundi mwashi mnene mwenye kofia ya karatasi ya saruji, "kama ni njaa sema tukuletee mkate. Usile nyumba ya watu."

"Kokoto zenu ni mbaya," alijibu Mkaguzi bila kuinua kichwa. "Zina udongo. Ukuta huu utanyonya maji."

Mama Pacha alisogea mpaka kwenye lundo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Njoo uone. Jiwe likinasa ulimi, lina vitundu, lina udongo. Likiteleza, ni gumu. Hakuna kipimo cha haraka kuliko hiki."

"Wataalamu wa miamba wote wanafanya hivi?"

"Waliofundishwa vizuri."

"Na jiwe likitoka tanurini, unajuaje kwamba limekauka sawasawa?"

"Hilo rahisi. Kavu linanasa zaidi. Unali—"

Alinyamaza. Kokoto nyingine ilikuwa mkononi mwake, karibu na mdomo. Aliishusha taratibu, akaiweka chini kwa uangalifu kama kitu cha watu.

"Sikumbuki kufanya hivyo," alisema.

"Sijasema ulifanya, mzee."

"Umesema kwa adabu. Hiyo ni mbaya zaidi." Alisimama, akapangusa magoti. "Nionyeshe ulichonacho."

Alimwonyesha ramani kwenye simu: doa, ukingo uliofifia, chumvi, kukosekana kwa mafuta. Mzee aliisoma kwa muda mrefu, akaikuza, akaisoma tena.

"Niliyaoka mawe matatu. Kama niliyalamba, kwa nini mengine mawili yalijibu kwamba yamekufa?"

"Anayepika sufuria moja haonji kila kijiko, mzee."

Jibu hilo lilimfikia. Ilionekana wazi kwamba lilikuwa na ukweli aliokuwa akiujua mkononi, hata kama kichwani haukuwepo. Lakini aliyekuwa amezoea kuwakatalia wengine hakuwa tayari kujipendelea.

"Mama, sikubali jambo kwa sababu linafanana na ukweli," alisema. "Wengine sikuwakubalia hivyo, na nafsi yangu sitaikubalia. Nithibitishie. Okeni mawe matano, nyinyi, kwenye tanuri lenu. Nitaingia peke yangu, nitalamba moja. Pua iseme ni lipi, na ni wapi. Ikipatia, nitasaini. Ikiona uhai hata kwenye jiwe moja nisilolilamba, nafasi inakwenda kwa wale wa mitetemo, na hutaniomba tena."

Kanuni haikumlazimisha Mama Pacha kukubali. Angeweza kuandika malalamiko, na malalamiko hayo yangezunguka ofisini mpaka chombo kiondoke bila mtu yeyote kuwa ameshinda.

"Tufanye," alisema.

Ndani, Fundi alishika kichwa.

"Mama Pacha, hiyo ni kamari."

"Kamari ni pale usipojua kifaa chako. Washa tanuri."

Mawe yaliokwa, yakapoa, yakapangwa kwenye sinia, yamepewa namba. Mchana Mkaguzi alivaa joho jeupe na glavu, akaingia chumba safi peke yake, na skrini ya kamera ikafunikwa kwa taulo ili asiwepo wa kuchungulia. Alipotoka alikwenda moja kwa moja dirishani, akamwita yule mwashi mnene, akamnong'oneza kitu sikioni.

"Namba anayo huyu bwana," alisema. "Hana upande."

"Upande ninao," alisema mwashi. "Niko upande wa anayelamba mawe. Lakini namba naitunza."

Pua ikaanza kazi. Mwashi alibaki dirishani, ameweka viwiko juu ya kizingiti. Jiwe la kwanza: mistari imelala. La pili: mnara, upande wa juu, doa la ukubwa wa ncha ya kijiko. Bibi Harusi alishika mkono wa Fundi, akakumbuka kwamba ni Fundi, akauachia. La tatu: hakuna kitu.

La nne: mnara.

Mama Pacha aliamuru jiwe lipimwe tena, mahali pale pale, kisha kando yake. Ulikuwa mnara wa kweli, wa mkono wa kushoto, wenye chumvi na bila mafuta. La tano lilikuwa limekufa kama inavyopasa.

"Namba?" Mkaguzi alimwuliza mwashi.

"Mbili," alisema mwashi, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitania. "Mbili peke yake, mama. Samahani."

Mkaguzi alifunga mkoba wake. Alikuwa na sura ya mtu aliyenyimwa kitu alichokuwa ameanza kukitaka.

"Nasikitika," alisema. "Kusema kweli nilitaka iwe kweli. Lakini kifaa kimeona uhai kwenye jiwe nisiloligusa."

Fundi alikuwa amegeukia ukuta. Mama Pacha alitazama grafu ya jiwe la nne, kisha ya la pili, kisha ya la nne. Zilifanana kama pacha wake, yaani kwa kila kitu isipokuwa ukubwa. Doa la nne lilikuwa kubwa zaidi. Kifaa kinachozusha kingekuwa kimezusha popote. Hiki kilikuwa kimechora duara, lenye ukingo unaofifia, upande ambao mtu aliyeshika jiwe angeuelekeza mdomoni.

"Mzee, naomba tuangalie kamera."

Mkono wa Mkaguzi ulisimama juu ya kufuli la mkoba.

"Unaniita mwongo?"

"Hapana, mzee. Ungetaka kudanganya usingejiwekea mtihani. Nina shaka na kumbukumbu tu. Hata kulilamba namba saba hukumbuki."

Ulikuwa ujasiri, na ulikuwa umesemwa kwa sauti ya chini iliyostahili. Mzee aliachia kufuli.

"Iweke," alisema.

Bibi Harusi aliondoa taulo. Kwenye skrini Mkaguzi aliingia, amevaa joho, akasimama mbele ya sinia kama mtu aliye mbele ya kaburi la heshima. Alichukua jiwe la pili. Akalilamba, mara moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akalirudisha. Akageuka kwenda mlangoni.

Alipofika mlangoni alisimama.

Akageuka tena. Alitazama sinia kwa mbali, kichwa kimeinama upande. Akarudi. Akachukua jiwe la nne, akalisogeza kwenye taa, akakunja uso, akalilamba. Hakuridhika. Akalilamba tena, kwa muda mrefu zaidi. Akalirudisha mahali pake, akalinyoosha ili namba ionekane vizuri, akatoka.

Wa kwanza kucheka alikuwa Bibi Harusi, ndani ya barakoa yake, kwa sauti ya birika linalochemka. Fundi alifuata. Mwashi dirishani alipiga kizingiti kwa kiganja.

"Ee mzee wangu! Hilo la nne umelirudia kabisa! Lilikuwa na sukari?"

"Rudisha nyuma," alisema Mkaguzi.

Bibi Harusi alirudisha. Mzee alijitazama akilamba jiwe la nne mara ya pili. Alisogea karibu na skrini, kama mtu anayemtambua jamaa yake wa mbali kwenye umati.

"Sikuwa na uhakika kama ni la aina moja na lile jingine," alisema hatimaye.

"Na ni la aina moja?" aliuliza Fundi.

"Hata kidogo! Mmenichanganyia jiwe la chokaa." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Kicheko chake kilikuwa kikavu, kikitoka kwa vipande vipande, na kilipoanza hakikuonyesha dalili ya kuisha. Ilibidi akae.

Chai ililetwa. Mkaguzi alipotulia, aliomba kompyuta na kuanza kuandika ripoti yake hapo hapo, kwa vidole viwili. Fundi, ambaye moyo ulikuwa umelainika, alimwinamia.

"Mzee, si lazima kueleza yote. Andika 'uchafu wa chanzo kisichojulikana'. Watu wanaelewa."

"Chanzo kinajulikana. Kinakunywa chai yenu."

Aliendelea kuandika. Alipomaliza aliwasomea, bila kubadilisha sauti. Mawe kumi yalijaribiwa, na majibu kumi yalikuwa sahihi. Kuhusu jiwe la saba, kifaa kilisema hai, na uhai ulikuwepo. Ulikuwa wake yeye mkaguzi. Alipendekeza Pua ipewe nafasi. Alipendekeza pia kwamba kuanzia sasa ukavu wa mawe ya mtihani upimwe kwa mizani, na kwamba wakaguzi wote wenye taaluma ya miamba wavae barakoa tangu wanapofungua tanuri hadi wanapotia lakiri. Akasaini.

Bibi Harusi aliruka juu, kisha akauliza kama sasa anaweza kujipaka marashi, na Mama Pacha akasema anaweza kuyanywa akitaka. Fundi alikuwa ameshaipigia nusu ya ukoo wake. Dirishani mwashi alitaka kujua kama kweli ukuta wake utanyonya maji, na aliambiwa kwamba ndiyo, na kwamba lori lirudi lilikotoka.

Mkaguzi alichukua mkoba wake. Mlangoni alimsubiri Mama Pacha.

"Nikuulize kitu, mama. Siku Pua iko kule Mirihi, na ikasema hai. Mstari wa mkono mmoja, mrefu kama ule. Utaamini?"

Mama Pacha alifikiri, kwa sababu swali lilistahili kufikiriwa.

"Siku hiyo hiyo? Hapana, mzee," alisema. "Kwanza nitauliza nani amelilamba."